Hukumu Yenye Kusimama: Somo la Kesi ya Mauaji ya Willie Kimani



Tumeombwa tuzungumze juu ya kesi ya mauaji inavyofikia ukomo wake: jinsi ushahidi unavyopimwa, jinsi hoja za mwisho zinavyotolewa, na jinsi hukumu inavyosomwa. Tumechagua kesi moja ambayo wengi wenu mliifuata kwa uchungu, nayo ni kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitoa hukumu yake tarehe 22 Julai 2022, na adhabu ikatamkwa tarehe 3 Februari 2023. Machozi ya siku zile yamekauka kidogo na kelele zimetulia. Basi huu ni wakati mwafaka wa kuuliza swali ambalo katika siku za hasira haliulizwi: hukumu ile ilipata wapi nguvu yake?

Jibu letu tunalitanguliza. Hukumu ile ina nguvu kwa sababu jaji aliyewatia hatiani washitakiwa wanne ndiye yule yule aliyemwachilia wa tano, katika kesi iyo hiyo, siku iyo hiyo. Mizani ambayo haiwezi kumwachilia mtu haiwezi pia kumtia mtu hatiani. Huo ni mhuri tu. Nasi Wakenya tumewahi kuishi chini ya mahakama za mhuri, na tunaijua ladha yake.

MAMBO YALIVYOTOKEA

Chanzo cha kesi hii kilikuwa kidogo kama kichwa cha kiberiti. Mwezi wa Aprili 2015, Josephat Mwenda, kijana mwendeshaji wa boda boda, alisimamishwa njiani na polisi wa utawala, na mmoja wao, Fredrick Leliman, akampiga risasi mkononi. Mwenda hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 baada ya Katiba mpya kupatikana. Kilichofuata mnakijua ninyi mnaoishi mitaani: mlalamikaji akageuzwa mshitakiwa. Mwenda alijikuta akijibu mashitaka mahakamani. Wakili Willie Kimani, aliyefanya kazi na shirika la Kikristo la International Justice Mission, akasimama naye.

Tarehe 23 Juni 2016 wawili hao walifika katika mahakama ya Mavoko kwa ajili ya kesi hiyo. Walipoondoka katika teksi ya Muiruri, walitekwa njiani. Walifungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, mahali ambapo bendera ya nchi yetu hupepea. Wakiwa humo kulitupwa nje kipande cha karatasi ya msalani, chenye maandishi ya kuomba mke wa Mwenda apigiwe simu na kuambiwa kwamba wako hatarini. Mpita njia alikiokota akapiga simu. Siku chache baadaye miili ya watu watatu ilitolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk.

Kanisa linakifahamu kisa cha Nabothi. Malkia Yezebeli hakumtuma jambazi wa gizani. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia mhuri wa mfalme, akaitisha baraza, akaleta mashahidi wa uongo, na mwenye shamba akauawa kana kwamba sheria imefuatwa. Ubaya wa kisa kile umo katika ule mhuri. Vivyo hivyo hapa: mashitaka dhidi ya Mwenda, sare, bunduki, pingu na seli ni mali ya umma, navyo viligeuzwa kuwa silaha ya mtu mmoja aliyeogopa kuulizwa maswali. Ndiyo sababu mwezi wa Julai 2016 mawakili walifanya maandamano na kususia mahakama. Kama mtu anaweza kuuawa kwa sababu amelalamika, na wakili wake kwa sababu amemsindikiza mahakamani, na dereva kwa sababu amewabeba, basi sheria zote zilizomo vitabuni ni karatasi tupu.

KESI NDANI YA KESI

Washitakiwa walikuwa watano: maofisa wanne wa polisi, na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi. Wote walikana. Upande wa mashitaka ulileta mashahidi 46. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesimama kizimbani akasema aliona kwa macho yake watu wale wakiuawa. Wauaji wa namna hii hawaalikani na mashahidi. Kwa hiyo kesi ilijengwa kama fundi anavyojenga ukuta wa mawe: rekodi za mawasiliano ya simu zilizoonyesha nani alikuwa wapi saa ngapi, kile kipande cha karatasi, ushahidi wa madaktari, na maneno ya mshitakiwa wa tano, yule mpasha habari, aliyekuwa ameandikisha maungamo akieleza jinsi mauaji yalivyopangwa na kutendwa.

Hapo ndipo mabishano makubwa yalipozuka. Mshitakiwa huyo aliyakana maungamo yake, akasema hakuyatoa kwa hiari. Jaji Jessie Lesiit akalazimika kuisimamisha kesi kubwa na kusikiliza kwanza kile tunachokiita kesi ndani ya kesi: mashahidi kuitwa, waliorodhesha maneno yale kuhojiwa, na mshitakiwa kusikilizwa, kwa ajili ya swali moja tu: je, mtu huyu alisema kwa hiari yake? Mwishowe maungamo yalikubaliwa.

Tunataka tukae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi wapenda mageuzi kuliko mtu mwingine yeyote. Wengi katika harakati hizi walishangilia maungamo yale yalipokubaliwa. Lakini ni sisi ambao miaka mingi tulilia kwamba maungamo ya polisi hayafai kuaminiwa! Wazee wetu waliokamatwa katika miaka ya 1980 kwa madai ya kuwa wanachama wa Mwakenya walishushwa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, wakapigwa, wakanyimwa chakula, wakawekwa katika maji, hata wakakubali lolote. Kisha walifikishwa mbele ya hakimu bila wakili, wakatamka kwamba wamekosa, na kufungwa. Ilipita miaka mingi hadi Mahakama Kuu, kuanzia mwaka 2010, ilipowapa baadhi yao fidia na kukiri kwamba waliteswa.

Je, tunaweza kuyalaani maungamo ya jumba la Nyayo na kuyafurahia ya Syokimau, kwa sababu tu mara hii anayeumia ni polisi na rafiki yao? Hapana. Tukifanya hivyo, tutakuwa hatupiganii haki; tutakuwa tunagombea fimbo.

Tofauti iko mahali pengine, nayo ni tunda la jasho la watu. Mwaka 2003 Bunge liliibadili Sheria ya Ushahidi ili maungamo yaliyotolewa kwa polisi yasikubaliwe tena kwa urahisi. Baada ya marekebisho yaliyofuata, maungamo hukubaliwa tu yakitolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi asiyepungua cheo cha inspekta, ambaye si mpelelezi wa kesi ile, na mshitakiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Mshitakiwa akiyakana, mahakama haina budi kuchunguza. Kinga hiyo iliwekwa kwa kilio cha walioteswa. Mwaka 2016 ikamkinga mtu aliyeshitakiwa kwa kumuua mtetezi wa walioteswa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwavuli wa sheria hauulizi anayenyeshewa ni nani.

Tena jaji hakuruhusiwa kuishia hapo. Maneno ya mshitakiwa mmoja dhidi ya mwenziwe ni ushahidi dhaifu, kwa maana anayezama hushika hata mguu wa jirani. Sheria yasema yaweza kuangaliwa, lakini hayawezi kumfunga mwenziwe yakiwa peke yake. Lazima pawe na ushahidi mwingine wa kuyategemeza. Torati ya Musa nayo ilikataa kumhukumu mtu kwa kinywa cha shahidi mmoja. Kwa hiyo kila jiwe la maungamo ilibidi lishikanishwe na jiwe jingine: simu, mahali, saa.

HOJA ZA MWISHO NA KIPIMO CHA HATIA

Watu wengi hudhani kwamba mwishoni mwa kesi mawakili husimama kupamba maneno, na mwenye ulimi mtamu hushinda. Labda katika sinema. Hapa kwetu hakuna baraza la raia la kuamua hatia. Zamani palikuwako wazee wa baraza walioketi pamoja na jaji na kutoa maoni yao, lakini utaratibu huo ulifutwa mwaka 2007. Siku hizi jaji huamua peke yake, na humpasa kuandika sababu zake. Hoja za mwisho ni kazi ya kuhesabu. Upande wa mashitaka huonyesha jinsi mawe yanavyoshikana. Upande wa utetezi huonyesha penye ufa.

Katika ushahidi wa kimazingira ufa mmoja watosha. Ikiwa mambo yaliyothibitishwa yanaweza kuelezwa kwa njia nyingine yoyote ya maana isiyo hatia ya mshitakiwa, sharti aachiliwe. Si kwamba jaji amemwona ni malaika. Ni kwamba waliomshitaki hawakutimiza kazi yao.

Tarehe 22 Julai 2022, miaka sita baada ya mauaji, jaji alimkuta Leliman na hatia pamoja na maofisa wenzake wawili, na yule raia. Mshitakiwa wa nne, ofisa wa polisi, aliachiliwa kwa sababu ushahidi dhidi yake haukufikia kipimo.

Palikuwa na manung'uniko. Wako waliosema kwamba wote watano walistahili kifungo, na kwamba kumwachilia mmoja ni kuwadharau marehemu. Tunauelewa uchungu wa familia, wala hatuthubutu kuufundisha adabu. Lakini tunasema kwa heshima kwamba kuachiliwa kwa mmoja ndiko kulikothibitisha kwamba wanne hawakufungwa kwa sababu ya umati uliokuwa nje, wala kwa sababu ya ghadhabu ya mawakili, wala kwa sababu ya magazeti. Jaji alimtazama kila mtu peke yake. Kama angewakusanya wote kama mtu akusanyavyo kuni, leo wale wanne wangesema, na wengi wangewaamini, kwamba walitolewa kafara.

ADHABU

Kisha ikaja zamu ya adhabu. Zamani kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimfunga jaji mikono: mwuaji akipatikana na hatia, ni kunyongwa, hapana mjadala. Mwezi wa Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba kulazimisha adhabu moja kwa wote ni kinyume cha Katiba. Jaji sasa husikiliza hali ya kila mtu. Kwa hiyo tarehe 3 Februari 2023 adhabu zilitofautiana: Leliman, aliyeonekana kuwa ndiye mpangaji, alihukumiwa kifo, wenzake wawili wa polisi walipewa miaka 30 na miaka 24, na raia yule miaka 20.

Juu ya adhabu ya kifo kanisa lina mawazo yake, na hata sisi mawakili hatukubaliani. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, na aliyehukumiwa kifo hukaa gerezani. Twasema neno moja tu: tusiupime uzito wa haki kwa urefu wa kamba. Ushindi wa familia zile ulikuwa pale jaji aliposoma, katika mahakama ya wazi, jinsi watu wao walivyokufa na kwa mkono wa nani.

WALIOTUMWA NA WALIOTUMA

Hilo lilikuwa jambo geni kwetu. Hesabuni wenyewe. Pio Gama Pinto aliuawa Februari 1965. Kisilu Mutua alihukumiwa mwaka huo huo, akakaa gerezani hadi mwaka 2001 akisema siku zote kwamba hakumuua. Tom Mboya aliuawa Julai 1969. Aliyehukumiwa alinyongwa kabla ya mwaka kwisha, na pamoja naye yakazikwa maswali yote ambayo taifa lilitaka kumwuliza. J.M. Kariuki aliuawa Machi 1975, na hakuna aliyepatikana na hatia. Dakta Robert Ouko aliuawa Februari 1990; aliyeshitakiwa, Jonah Anguka, alihukumiwa mara mbili, kwani kesi ya kwanza ilikatika jaji alipofariki, na mwaka 1994 akaachiliwa.

Angalieni: katika historia yetu ama kesi ilikwenda mbio mno, ama haikwenda kabisa. Ilipokwenda mbio, ilimkamata aliyetumwa ikamwacha aliyetuma. Nchi ikafundishwa kwamba mahakama ni mahali pa kufunga faili, wala si mahali pa kufungua ukweli.

Kesi ya Willie Kimani ilichukua miaka sita hadi hukumu na karibu saba hadi adhabu. Hatusifu ucheleweshaji huo. Mjane anayengoja miaka sita ameadhibiwa naye. Lakini kwa mara hii safu ilifuatwa kutoka kwa mpasha habari hadi kwa ofisa aliyepanga, badala ya kuishia kwa mnyonge. Waliohukumiwa wana haki ya kukata rufani, na mahakama ya juu zaidi ikiona ufa, na iuseme. Hukumu iliyojengwa vizuri haiogopi kusomwa mara ya pili.

KAZI YETU

Tusije tukaondoka hapa tukidhani kwamba kazi imekwisha. Mwezi wa Juni 2025 kijana Albert Ojwang, mwalimu, alikufa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi, baada ya kukamatwa kwa sababu ya maandishi yaliyodaiwa kumchafulia jina ofisa mkubwa wa polisi. Maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani kwa shitaka la mauaji. Hatutasema lolote juu ya hatia yao. Hiyo ni kazi ya jaji. Tunasema tu kwamba mambo yale yale yanarudi: mnyonge, selo ya serikali, na swali la nani aliagiza. Basi tufanye nini?

Kwanza, tusimwache mlalamikaji peke yake. Mwenda hakuuawa alipopigwa risasi. Aliuawa baada ya kulalamika. Siku ya hatari si siku ya tukio. Ni zile siku zinazofuata. Mtu wa parokia yenu akienda kutoa malalamiko dhidi ya polisi, aende na wenzake. Siku ya kesi yake, viti vya mahakama vijae waumini. Zipo pia sheria za kumlinda shahidi na mwathiriwa, na wako mawakili wa kuwaeleza. Ulizeni.

Pili, tuhifadhi ushahidi. Kipande cha karatasi ya msalani kilichookotwa na mpita njia kilifanya kazi ambayo hotuba zetu zote haziwezi kuifanya. Mpita njia yule angeweza kukikanyaga na kwenda zake. Andikeni tarehe, saa, namba ya gari, jina lililo kifuani mwa sare. Mtunze nguo na vyeti vya hospitali. Hasira haipokewi kama kielelezo mahakamani, karatasi hupokewa.

Tatu, mtu akikamatwa, hesabuni saa. Katiba yasema afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, zikiishia nje ya saa za kazi, siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Nendeni kituoni. Ulizeni jina lake katika kitabu cha matukio. Mlinzi wa seli akijua kwamba kuna kanisa linalohesabu saa, atahesabu naye.

Nne, na hili ni gumu kuliko yote, tutetee haki ya mshitakiwa tunayemchukia. Kijana wa mtaani akikamatwa kwa wizi na umati ukataka achomwe moto, ndipo imani yetu katika ile mizani inapojaribiwa. Hatuwezi kudai polisi wasiue bila kesi Jumatatu, kisha sisi tukaua bila kesi Jumanne.

Ndugu zetu, Willie Kimani alikuwa na umri wa ujana, na kazi aliyoifanya siku ile haikuwa ya kishujaa machoni pa watu. Alimsindikiza mwendesha boda boda katika mahakama ndogo ya Mavoko. Mageuzi tunayoyadai huishi au hufa katika safari kama hiyo, ya mtu mmoja anayekataa kumwacha mwenziwe aende peke yake. Kesi nyingine inatajwa kesho mahali fulani. Mjue ni wapi, saa ngapi, na mfike mapema.